Shule Ambayo Helikopta Haikuiona

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na wala haifanani na nchi yoyote mnayoijua. Nasema mapema ili mtu asije akanifuata na maswali. Niliyoyasikia ndiyo ninayoyaandika, na pale nitakapoonekana kutia chumvi, mjue nimepunguza.

Katika nchi hiyo kiongozi mkuu aliitwa Mtukufu, na Mtukufu alikagua maendeleo ya taifa lake akiwa ndani ya helikopta. Hakutua. Mwanzoni mwa utawala wake aliwahi kusafiri kwa gari, gari likanasa kwenye tope saa nzima, na wananchi wakapata nafasi ya kuzungumza naye. Tangu siku ile madaktari wake wakamshauri aiangalie nchi kutoka juu. Kwa miaka kumi na tisa alipita kila wilaya mara moja kwa mwaka, kwenye kimo cha mita mia tatu, akipunga mkono.

Watumishi wa serikali walijifunza upesi. Kilichoonekana kutoka juu kilijengwa vizuri sana, na kisichoonekana hakikujengwa. Hospitali ziliandikwa HOSPITALI juu ya paa kwa herufi za mita kumi, na chini ya herufi hizo wagonjwa walilala wanne kwenye kitanda kimoja. Kila Jumamosi wananchi walipanda kufagia mapaa, huku takataka zikikaa barabarani kwa amani. Wakuu wa mikoa waliandika vyeo vyao juu ya kofia, pale utosini, kwa rangi nyeupe, ili Mtukufu akipita ajue ni nani anayempungia.

Jambo la pili la kujua ni kwamba Mtukufu hakuinama. Kitabu cha Itifaki, ukurasa wa kwanza, kilisema: "Kichwa cha Mtukufu hakiinami mbele ya mtu, mti wala mlango." Ukurasa wa pili uliongeza kwamba jengo ambalo Mtukufu hawezi kuingia bila kuinama haliruhusiwi kutumiwa na kiongozi mwingine yeyote, maana kiongozi hawezi kukaa mahali ambapo mkubwa wake hafiki. Kwa hiyo milango ya majengo yote ya umma ilikuwa na urefu wa mita tatu. Ukiuliza kwa nini mtu asiyetua alihitaji milango, basi huijui Itifaki.

*

Sikudhani Mkopi alizaliwa Nyangolo, wilaya kavu iliyo mbali na kila kitu isipokuwa jua. Mama yake, Mwalimu Chausiku, alifundisha shule ya msingi ya hapo kwa miaka thelathini na moja, kwenye madarasa ya mabati yasiyo na dari. Ikifika saa sita mchana darasa lilikuwa tanuri. Mwalimu Chausiku aliweka ndoo ya maji na kanga iliyoloweshwa kando ya ubao, na mtoto alipoanguka kwa joto alimlaza sakafuni, akamfunika kanga usoni, akaendelea na hesabu za kugawanya. Sikudhani mwenyewe alifunikwa kanga ile mara saba. Mara ya saba, akiwa chali, alilisikiliza bati likitoa mlio wa kutanuka, akajiuliza ni nani hasa aliyeamua iwe hivi.

Swali hilo ndilo lililompeleka kusomea usanifu majengo.

Kitivo cha Usanifu kilikuwa ndani ya jengo la vioo la ghorofa nane. Madirisha hayakufunguka, kwa sababu dirisha lililofunguliwa linaharibu mng'ao. Viyoyozi vilikuwepo, tena mia moja na ishirini, vyote vimepangwa juu ya paa kwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Havikuunganishwa na chumba hata kimoja. Mwaka wa kwanza wanafunzi walisoma Paa la Kwanza, mwaka wa pili Paa la Pili, na mwaka wa tatu Mng'ao na Uzalendo. Somo la Kuta lilikuwa la hiari, nalo lilifundishwa na mhadhiri mmoja tu ambaye miaka yote minne alikuwa likizo ya ugonjwa kutokana na joto.

Sikudhani akajifundisha mwenyewe. Alinunua kipimajoto cha bei rahisi, akawa anazunguka nacho kwenye nyumba za zamani za pembezoni mwa mji, zile zenye kuta za udongo za unene wa mkono mzima. Aliona kuwa nje kukiwa na joto la kupasua kichwa, ndani bibi wa watu anajifunika shuka. Aliona kuwa madirisha mawili yanayotazamana yanafanya kazi ya feni, na kwamba hewa ya moto, ikiachiwa tundu juu, inajiondokea yenyewe bila kuombwa. Aliyaandika yote kwenye daftari, akayageuza kuwa kazi yake ya kuhitimu. Maprofesa waliisoma kwa makini wakaandika kwa wino mwekundu: "Juhudi nzuri, ila paa halionekani."

Kwenye mtihani wa mwisho waliulizwa: mlango wa jengo la umma una urefu gani, na kwa nini? Wenzake waliandika mita tatu, kwa sababu Mtukufu hainami. Sikudhani aliandika kwamba inategemea nani anaingia. Alipewa sifuri, lakini jibu lake hakulisahau.

*

Aliajiriwa na Wizara ya Majengo Yanayoonekana, chini ya Mkurugenzi, Daktari Mhandisi Tindwa. Huyu alikuwa mtu mpole, mnene, asiyevua kofia yake yenye neno MKURUGENZI juu hata akiwa ofisini, ili wafanyakazi wa ghorofa ya juu waendelee kumheshimu wakichungulia dirishani. Alimpenda Sikudhani kama binti yake, na kwa mapenzi hayo akampa kazi ya kuchora mapaa kwa mwaka mzima. Kamati ya Michoro ilitazama ukurasa wa kwanza tu, wa paa. Kurasa nyingine ziliambatanishwa ili faili liwe nene, kwa kuwa faili jembamba lilihesabiwa kuwa ni dharau.

Hali hiyo ingeendelea mpaka uzeeni kama wafadhili wasingeandika barua wakitaka serikali ijenge shule moja ya mfano, na shule hiyo iwe jengo la kijani.

Kamati ya watu kumi na wanane ilikaa siku tatu kujadili ni kijani kipi. Wengine walitaka kijani cha migomba, wengine kijani cha bendera. Mjumbe mmoja aliyewahi kusafiri nje alisema huko wanapendelea kijani cha chura. Siku ya tatu Sikudhani alinyoosha mkono.

"Samahani, Mkurugenzi. Jengo la kijani si rangi. Ni jengo linalotumia jua, upepo na mvua ya mahali lilipo, na udongo wake, bila kuharibu. Linaweza hata kuwa la kahawia."

Tindwa alivua miwani.

"Binti yangu, unataka kusema watu wazima kumi na wanane wamekaa hapa siku tatu kujadili kitu ambacho sicho?"

"Hapana, mzee. Nasema kwamba wamefungua njia."

Jibu lilimfurahisha Tindwa. Kilichomsaidia Sikudhani zaidi, hata hivyo, ni kwamba wafadhili walitaka shule iwe mahali penye joto kali, yaani Nyangolo, na hapakuwa na mjumbe aliyetaka kwenda Nyangolo. Alikabidhiwa mradi wote kwa kura kumi na nane.

Alijenga kwa miezi saba pamoja na Fundi Chambuso, mwashi wa hapo hapo, mtu wa maneno machache aliyekuwa na tabia ya kuupiga ukuta kofi akipita, kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake. Walishindilia udongo wakapata matofali mazito. Walitandika dari ya mianzi, juu yake wakaacha nafasi ya hewa, na juu ya nafasi hiyo wakaezeka vigae vilivyochomwa palepale. Baraza zilikuwa pana, madirisha yalitazamana, na tangi la maji ya mvua lilikaa nyuma. Miarobaini yote iliyokuwepo iliachwa, na madarasa ya zamani ya mabati yakabomolewa. Milango ilikuwa ya mita tatu, kwa mujibu wa Itifaki.

Siku ya kwanza ya masomo Sikudhani alisimama nyuma ya darasa na kipimajoto chake. Saa saba mchana nje kulikuwa na nyuzi thelathini na tisa, ndani ishirini na sita. Mwalimu Chausiku aligeuka kuitafuta kanga yake, akaikuta imekauka ukingoni mwa ndoo. Hakuna aliyeanguka. Alimtazama mwanawe, kisha akarudi ubaoni, na Sikudhani akatoka nje kwa sababu machozi yalikuwa yanamjia na hakutaka watoto wamwone.

*

Helikopta ilipita Nyangolo mwezi uliofuata. Ilizunguka mara tatu. Vigae vilikuwa na rangi ileile ya ardhi, miti ilifunika baraza, na kutoka mita mia tatu palionekana pori na mbuzi wanne. Wiki mbili baadaye ikaja barua.

"Ukaguzi umebaini kuwa shule haipo. Kwa hiyo wanafunzi wake nao hawapo. Watahiniwa thelathini na wanane wa darasa la saba hawatapewa namba za mtihani, kwa kuwa asiyekuwepo hawezi kufaulu. Msanifu husika aeleze ndani ya siku thelathini kwa nini leseni yake isifutwe." Barua hiyo ilitumwa kwa anwani ya shule, ikafika siku ya pili yake.

Sikudhani alipanda basi la kwanza kwenda makao makuu, mkoba wake umejaa picha.

"Mkurugenzi, shule ipo. Hizi picha zake."

Tindwa alizipokea, akazigeuza juu chini. "Zimepigwa kutoka wapi?"

"Nikiwa nimesimama mlangoni, mzee."

"Sasa binti yangu, kwani Mtukufu husimama mlangoni?" Alimrudishia picha kwa huruma ya kweli. "Sikiliza. Ng'oa vigae, toa hiyo dari, ziba hayo matundu ya juu yanayoleta vivuli, kata miti. Weka bati la mng'ao moja kwa moja juu ya kuta. Wiki moja kazi imekwisha, na wewe leseni yako unabaki nayo."

"Watoto wataanza tena kuanguka."

"Wataanguka ndani ya shule iliyopo. Sasa hivi hawaanguki, lakini hawapo. Wewe uliyesoma niambie, lipi bora?"

Alirudi Nyangolo amejaa hasira. Jioni walikaa barazani watatu: yeye, mama yake, na Fundi Chambuso aliyekuja kuulizia habari.

"Thelathini na wanane, Siku," mama alisema. "Nimewashika mkono tangu hawajui kushika kalamu. Mimi hiyo leseni yako sijui, lakini hawa watoto wakikosa mtihani ndiyo basi tena."

Fundi Chambuso alikuna kidevu. "Dada msanifu, hiyo helikopta inaziona kuta?"

"Haizioni."

"Inajua paa liko juu kiasi gani kutoka ardhini?"

"Haijui."

"Basi wao wanataka paa. Tuwape paa."

Kwa siku mbili walipigilia mabati mapya juu ya mbao zilizolazwa uwanja wa mpira, kando kabisa ya shule. Paa lilikuwa na urefu wa mita hamsini, mgongo wake umenyooka vizuri, na SHULE imeandikwa juu kwa rangi nyekundu. Lilifika kwenye kifundo cha mguu. Kuku walilipanda bila kuruka.

Sikudhani akaandika barua kuomba ukaguzi urudiwe. Helikopta ikarudi, na usiku uleule redio ya taifa ikatangaza kuwa Nyangolo imepata shule inayong'aa kuliko zote. Namba za mtihani zikaja, zote thelathini na nane. Sikudhani akaitwa mjini kupokea nishani ya Paa Bora la Mwaka, akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha na aibu kwa wakati mmoja, na hakujua ipi aionyeshe usoni.

*

Aibu ilishinda. Baada ya sherehe alimfuata Tindwa ofisini, akafunga mlango, akakiri.

"Mkurugenzi, lile paa liko chini. Halina kuta."

Tindwa aliduwaa. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Mlilijenga kwa siku ngapi?"

"Mbili."

Sikudhani alikuwa amejiandaa kwa polisi. Badala yake mzee aliinuka, akazunguka meza, akamkumbatia. "Miaka yote hii!" alisema. "Miaka yote hii nilijiuliza ni kitu gani kinatuchelewesha. Kumbe kuta!"

Ndani ya miezi minane wizara ilijenga shule mia nne na kumi na mbili na zahanati sitini, zote za kimo cha kifundo cha mguu. Nchi iling'aa hata marubani wa nchi jirani wakalalamika. Tindwa alihutubia bunge kwa saa mbili. "Waheshimiwa," alisema, "mataifa mengine yameanza na msingi, yakapanda polepole mpaka paa, na wengi wameishia njiani. Sisi tumeanza na paa. Kilichobaki ni cha chini yake tu." Wabunge walisimama wakapiga makofi, na mwananchi aliyeuliza kuta ziko wapi alijibiwa kwa barua kwamba kuta ni awamu ya pili.

Kila mchoro ulikuwa na muhuri wa Sikudhani Mkopi, msanifu. Aliomba uondolewe, akaambiwa muhuri wenye nishani hauondolewi. Alipompigia mama yake simu, mama alipokea, akasema, "Lile letu lilikuwa la kuwadanganya wao, mwanangu. Haya yenu mnawadanganya watu." Akakata. Mwezi mzima hakupokea tena, na Sikudhani alishindwa kula vizuri.

*

Mwaka wa ishirini wa utawala ulipotimia, Mtukufu aliamua kulitazama kwa karibu paa lililoanzisha mapinduzi ya ujenzi. Helikopta ilishuka mita mia mbili, ikashuka mia moja. Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa limelalia mabati. Mng'ao ukampiga rubani machoni, akapoteza mwelekeo, na kwa ustadi mkubwa akaitua helikopta juu ya shule.

Hakuna mwanafunzi aliyeumia. Gazeti la serikali liliandika kesho yake kuwa huo ni ushahidi wa uimara wa paa.

Mtukufu alikanyaga ardhi kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Viongozi waliokuwa wamepanga mstari uwanjani waligundua balaa: wote walikuwa wameandikwa utosini, na kwa mbele hawakuandikwa kitu. Kila aliyeulizwa "Wewe ni nani?" ilibidi aiinamishe kofia ili asomwe. Tindwa aliinama chini kabisa.

"Mlango uko wapi?" Mtukufu aliuliza, akiliangalia paa lililoishia kwenye soksi zake.

"Awamu ya pili, Mtukufu."

"Aa," alisema Mtukufu, kwa kuwa neno hilo alilizoea. Lakini jasho lilikuwa limeanza kumtiririka shingoni, na macho yake yakaanza kutafuta kivuli kama macho ya mtu mwingine yeyote. Akaiona miarobaini. Nyuma ya miarobaini akaliona baraza. Akatembea mwenyewe, bila kushikwa mkono, akapita mlango wa mita tatu, akaingia darasa la sita.

Mwalimu Chausiku alikuwa anafundisha sehemu. Watoto walisimama, wakaamkia, wakakaa. Mtukufu alikaa kwenye dawati la nyuma, akavuta pumzi, na kabla hajatoa hotuba yoyote akapitiwa na usingizi. Alilala saa mbili. Mwalimu Chausiku aliendelea na nusu na robo kwa kunong'ona, na watoto wakajibu kwa kunong'ona, huku viongozi wakingoja nje juani na kofia zao.

Alipoamka aliuliza, "Kiyoyozi kiko wapi?"

Sikudhani, aliyekuja na msafara wa wizara, aliingia akasogea mbele. Maneno aliyoyabeba tangu chuoni yalimtoka kama maji ya tangi lililozibuliwa. Alimwonyesha unene wa kuta. Alimweleza habari za dari ya mianzi, hewa inayopanda, madirisha yanayotazamana. Mtukufu alisikiliza. Aligusa ukuta kwa kiganja, akakiacha hapo kikipoa. Akauliza swali, tena swali zuri, kuhusu mvua, na Sikudhani akalijibu. Kwa dakika kumi aliamini kabisa kwamba mambo yamebadilika, na kwamba kesho nchi nzima itaanza kushindilia udongo.

"Jengo hili," Mtukufu alisema mwishoni, "ni zuri mno."

"Ahsante, Mtukufu."

"Ni zuri mno kwa shule."

Siku tatu baadaye madawati yalitolewa nje na zulia likaingizwa. Bango likapigiliwa: IKULU NDOGO YA NYANGOLO. Tangazo la wizara lilisema kwamba wanafunzi wote warejee mara moja kwenye shule yao rasmi, ile iliyoshinda nishani. Walipofika kwenye shule yao rasmi waliikuta imebonyea katikati kwa umbo la helikopta. Wakakaa kando yake juani, na Mwalimu Chausiku akaegemeza ubao kwenye bati.

Sikudhani alipewa nishani ya pili, ya usanifu endelevu. Hakwenda kuipokea. Alirudi Nyangolo, akafika uwanjani saa sita na nusu, wakati mama yake akimlaza chini msichana wa darasa la nne na kumfunika kanga usoni. Ilikuwa kanga ileile. Sikudhani alikaa kwenye vumbi, akalia kwa sauti, akamtukana Mtukufu, akamtukana Tindwa, akajitukana mwenyewe aliyejenga vizuri kiasi cha kuibiwa.

Mwalimu Chausiku aliloweka kanga upya, akaikamua. "Ukimaliza kulia," alisema, "chora."

*

Sikudhani alirudi wizarani na faili jipya. Juu aliandika: "Shule ya Nyangolo, Awamu ya Pili: Kuta." Ndani yake, nyuma ya ukurasa wa paa lililokwisha kupitishwa, kulikuwa na mchoro wa jengo zima, dari ya mianzi na vigae vikiwemo.

Tindwa aliliangalia faili kwa mshangao. Tangu awamu ya pili itangazwe hapakuwa na mtu aliyewahi kuiomba. Aliagiza iletwe fomu ya kuta, haikupatikana. Aliagiza basi iletwe fomu ya kukataa kuta, nayo haikuwahi kuchapwa. Paa lilikuwa na nishani, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili juu yake. Kamati ya watu kumi na wanane ilitazama ukurasa wa kwanza, ikaupongeza, na Tindwa akagonga muhuri. Kurasa za nyuma hazikufunguliwa.

Fundi Chambuso alifungua. Alisimama juu ya msingi, upande wa pili wa miarobaini, akiushika mchoro kwa mikono iliyojaa udongo.

"Dada msanifu, hapa kwenye milango pana makosa. Umeandika mita moja na robo."

"Si makosa."

Fundi alimtazama, akaitazama Ikulu Ndogo ng'ambo ya miti, akarudi kwenye mchoro. Alianza kucheka kimyakimya mpaka mabega yakamtikisika, kisha akaenda kuutafuta mwiko.

Siku ya kufungua shule watoto wadogo waliingia mbio, bila hata kuinamisha shingo, na wale wa madarasa ya juu wakainama kidogo. Mwalimu Chausiku alibaki nje. Mlango ulimfika kifuani.

"Na mimi je?" aliuliza.

"Inama, mama."

"Miaka thelathini na moja nimeinamia madawati yao," alisema Mwalimu Chausiku, "na mlango nao uniinamishe?" Lakini alikuwa anatabasamu. Alikusanya gauni lake, akainama, akaingia, na kutoka nje Sikudhani akamsikia akisema "Alaa!" kwa sauti ya mtu aliyepigwa na ubaridi.

Maofisa wa Itifaki walikuja baada ya wiki mbili, kwa maana habari za jengo jingine zilikuwa zimefika mjini, na kulikuwa na mawaziri watatu wasiokuwa na Ikulu Ndogo. Walikuja na fimbo yao yenye kimo kamili cha Mtukufu pamoja na kofia. Waliisimamisha mlangoni, ikagota ukutani. Wakazunguka jengo zima, mlango baada ya mlango, na fimbo ikagota kila mahali. Wakaandika kwenye faili: "Halifai kwa kiongozi wa ngazi yoyote." Mpaka leo gari la serikali likipita, husimama. Ofisa hushusha kioo, jasho linamtoka, akamwita mtoto aliye karibu na kumuuliza huko ndani kukoje.

"Joto sana, mheshimiwa!" hujibu watoto wote kwa pamoja, na gari huondoka. Hilo ndilo somo la kwanza la Mwalimu Chausiku, na hakuna anayeonyeshwa herufi hata moja kabla ya kulijua.